Mkataba wa maandishi na fundi uashi: nilivyoutumia kwenye boma langu Chanika

Naandika hii kwa yeyote mwenye kiwanja na hela ya kuungaunga kama mimi. Mkataba wa kwanza na fundi ulikuwa wa mdomo, wa pili wa karatasi, kiwanja ni kilekile, na tofauti yake nimeiona kwa macho.

Fundi wa kwanza tuliongea tumesimama chini ya mwembe wa jirani, ufundi wa msingi laki 9, nikamtumia laki 6 kwa simu siku hiyohiyo maana alisema vibarua hawaanzi bila hela ya kula. Akachimba, akapanga kozi tatu, yani mistari mitatu ya tofali, af simu ikawa haipatikani. Nilipoleta fundi mwingine aangalie akavuta futi kona kwa kona, mshazari mmoja ukazidi mwenzake sentimita 18, yani nyumba imeshapinda hata haijatoka ardhini. Nikaenda polisi wakaniambia mama hili ni dai siyo jinai, nenda mahakamani, na askari akaniuliza swali moja tu: mliandikishana? Sikuwa na jibu jamani. Nililia kwenye daladala mpaka nashuka.

Wakili niliyemfuata baadae alinielewesha kwamba mkataba wa mdomo nao ni mkataba, Sheria ya Mikataba Sura ya 345 inautambua, shida ni kuuthibitisha. Mimi nilikuwa na meseji ya muamala inayoonyesha laki 6 zimetoka, basi, hakuna popote panaposema zimetoka kwa kazi gani, itapimwaje na iishe lini.

Sasa huyu fundi wa pili, yule aliyevuta futi, ndo nikampa kazi yote, kubomoa kozi mbovu, msingi upya, jamvi (sakafu ya zege), boma yani kuta za vyumba vitatu mpaka juu ya lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), ufundi milioni 2 na laki 4, vifaa vyote nanunua mimi. Wakili alichukua elfu 50, tukasaini nakala mbili, mimi na shahidi wangu, fundi na kaka yake. Nakiri mwanzoni fundi alinuna, akasema dada unaniona mwizi? Nikamwambia hapana, niliibiwa na mwingine na sitaki nikukumbuke wewe kwa ubaya. Kusoma kwake kwa shida kidogo, kwaiyo kijana wake saidia fundi ndo alimsomea kwa sauti mstari kwa mstari, na walipofika kwenye malipo akamwambia rudia hapo.

Hapo kwenye malipo ndipo penye faida yote. Hatukuandika kwa wiki wala kwa mwezi, tuliandika kwa kitu kinachoonekana: asilimia 15 ya kuanzia, 25 jamvi likishamwagwa, 20 tofali zikifika usawa wa madirisha, 20 lenta ikishamwagwa, 10 boma likiisha, na 10 ya mwisho nabaki nayo mpaka masika ipite tuone kama kuna ufa. Hela inaifuata kazi, haiitangulii. Fundi akitoroka katikati anakuwa ameacha hela yake kwangu, siyo mimi nimeacha yangu kwake. Nilisoma mkataba wa jirani, kurasa nne za maneno ya kisheria, lakini malipo yake yameandikwa nusu mwanzo na nusu mwisho, huo kwangu haumlindi mtu.

Kifungu cha pili kilichoniokoa ni kifupi: ukuta usiokuwa wima au kona isiyokuwa na mraba, fundi anavunja na kujenga upya bila kudai ufundi mwingine, na tofali zitakazovunjika analipa. Kozi ya sita ukuta wa sebuleni nilienda jumamosi na timazi yangu niliyonunua mwenyewe, ule uzi wenye kizito wa kupima wima, nikaining'iniza, uzi juu umegusa tofali na chini umeachana nalo kidole kizima. Fundi aliangalia ule uzi ukitulia, hakuongea. Mimi nikatoa karatasi kwenye mkoba lakini hata sikuifungua, akanyanyua mkono akasema iache, naijua. Akamwita kijana, wakashusha kozi nne jioni ileile udongo wa saruji bado mbichi, tofali nyingi zikatoka nzima wakazisafisha wakarudishia. Bila karatasi hapo tungebishana mpaka giza na ukuta ungebaki, maana ndo maneno yao siku zote, itasawazishwa na plasta bosi.

Ila na mimi mkataba ulinibana. Mwezi mmoja mshahara ulichelewa na lenta ilishamwagwa, mkataba unasema nalipa ndani ya siku 3 baada ya kukagua. Siku ya nne fundi akapiga, kwa heshima tu, shikamoo nyingi, akauliza dada ile karatasi ilisemaje? Niliona aibu nikakopa kwenye kikoba nikamlipa. Na ni haki yake, ana vibarua wanne wanaomsubiri na familia zao, sisi wenye nyumba huwa tunajisahau tukidhani mwizi ni fundi peke yake.

Mapungufu yapo. Hatukuandika maji. Chanika ya kwetu maji ni ya boza, nikawa nanunua, lakini nani wa kumwagilia ukuta na zege la lenta asubuhi na jioni hakuna palipoandikwa, fundi anasema kazi yangu ni kujenga, mimi niko kazini mjini, siku mbili za mwanzo lenta ikakaa kavu mpaka nikamlipa kijana elfu 3 kwa siku amwagilie. Pia sikuandika kazi ya nyongeza. Nilijiongeza kibaraza cha mbele katikati ya kazi, nikadhani kinaingia humohumo, fundi akataka laki na nusu, tukakwaruzana wiki nzima tukaishia laki na kumi. Hapo kosa ni langu, kibaraza hakikuwepo kwenye ramani tuliyoisaini. Na saruji, andikeni inahesabiwaje, mimi niliweka daftari site, kila mfuko unaotoka stoo fundi anaweka sahihi, lakini nilianza wakati mifuko sita sijui imeenda wapi na hakuna wa kumuuliza.

Nikiulizwa kama elfu 50 ya wakili ilistahili nasema ndio mara mia, nilipoteza laki 6 kwa kukosa karatasi.

Masika ilipita, mwezi wa sita mwanzoni fundi akaja mwenyewe na nakala yake ameivalisha nailoni, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeusi. Tukazunguka boma lote pamoja, tukaona ufa mwembamba mmoja chini ya dirisha la jikoni, akauchokonoa akauziba palepale, nikamhesabia laki 2 na elfu 40 zake mkononi. Akasaini kwamba amepokea, akaniambia plasta ukiwa tayari niite, ila safari hii na maji tuyaandike.