Seti ya kroshia niliyoagiza Kariakoo: sindano nazisifu, uzi sina hamu nao

Nianze na jibu kabisa ili asiye na muda aendelee na mambo yake: kama unataka hii seti kwa ajili ya sindano, chukua. Kama unaitaka kwa ajili ya uzi, hela yako weka mfukoni, panda daladala nenda sokoni Mwanjelwa ukachague mwenyewe kwa mkono. Sasa anayetaka stori akae.

Mi niko Uyole, Mbeya. Nafuma jioni nikitoka kazini na Jumapili baada ya kanisa, vitu vidogo vidogo tu, bendi za nywele, pochi za simu, viholda vya funguo vya umbo la stroberi, mizula ya watoto, na sa hivi watu wamechachamaa na mashada ya maua ya kufuma ya kupeleka kwenye mahafali kwa sababu hayanyauki na mhitimu anaweka mezani mwaka mzima. Wateja wangu ni watu wa kazini, majirani na mashoga zao, sio kwamba nina duka. Nilikuwa natumia sindano mbili tu, moja ya chuma nyembamba ya mama na moja ya plastiki iliyopinda kama mguu wa kuku, nikaona huu ujinga, ngoja nijipe zawadi.

Mama ndo alinifundisha, na yeye alijifunzia kwenye spoku ya baiskeli iliyosuguliwa kwenye jiwe mpaka ikatoa kikulabu. Kwa spoku hiyo hiyo alifuma vitambaa vyote vya makochi pale nyumbani, vile vyeupe vya maua ambavyo mgeni akikaa vinateleza nae vinaingia nyuma ya mgongo na hakuna anayethubutu kumwambia anyanyuke kidogo avinyooshe. Alikuwa anavichovya kwenye maji ya sukari ili vikikauka visimame, basi mvua zikianza tu sisimizi wamejipanga foleni kwenye kochi utadhani kuna mgao wa bure. Kwaio nilivyomuonyesha picha ya seti kwenye simu, elfu 45 pamoja na kibegi chake cha zipu, alinitazama akasema "mwanangu, elfu arobaini na tano ya kulabu?" akarudi kuchagua mchele.

Niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni yuko Dar, sitamtaja, nikalipa kwa simu, kesho yake usiku akanitumia picha ya risiti ya basi. Usafiri elfu 5. Asubuhi nikaenda stendi ya Nane Nane nikakuta kifurushi kimekaa juu ya gunia la vitunguu, harufu yake iliniganda kwenye kibegi wiki mbili. Hilo simlaumu muuzaji, mabasi yetu tunayajua.

Ndani kulikuwa na sindano 9 za kulabu, unene kuanzia milimita 2.0 mpaka 6.0 zikipanda nusu nusu, mabonge 12 ya uzi, mkasi mdogo, sindano za kushonea za macho makubwa, vile vipini vya plastiki vya kuwekea alama raundi inapoanzia, macho meusi ya midoli, kifuko cha pamba ya kujazia na kitabu cha maelekezo cha Kichina mwanzo mwisho, michoro yenyewe imefifia. Kitabu nilimpa mtoto wa jirani achore nyuma.

Sindano. Jamani. Hapa sina neno baya. Mpini ni wa mpira laini, unakaa kwenye kiganja, na mtu wa huku nyanda za juu atanielewa nikisema hili ni jambo kubwa, maana Juni na Julai alfajiri joto linashuka chini ya nyuzi 10 (nyuzi za baridi sio nyuzi za kufumia, ingawa huku hizo mbili zinaenda pamoja) na chuma kitupu kinakuuma vidole mpaka unakiweka kwapani kwanza ndo ufume. Ile ya mama nilikuwa naipasha karibu na jiko la mkaa. Hizi unashika tu unaendelea. Kichwa kimeng'arishwa vizuri, hakikwaruzi uzi wala hakiupasui katikati, na ukifuma masaa mawili kidole gumba hakifi ganzi.

Kuna watu walishanambia seti za bei hii namba huwa zinadanganya, imeandikwa 3.5 kumbe ni 3. Mi ni mbishi, nikazibeba zote nikampelekea fundi mmoja wa gereji pale Mafiat ana vernia yake ya kupimia vipuri, akacheka sana halafu akapima moja moja. Nane zimesema kweli. Moja tu, ile iliyoandikwa 5.5, ilikuwa ndogo kidogo, karibu na 5.3, na kwa kazi zangu hiyo wala siigusi. Fundi akataka nimfumie mzula kama malipo, nikamfumia.

Kwa anayeanza, namba ina maana gani: sindano ndogo inabana, kubwa inaachia. Mdoli au stroberi inayojazwa pamba, uzi wa unene wa kati huu wa kawaida, mi natumia 2.5 ili pamba isichungulie kwenye matundu. Mzula wa mtu mzima uzi huo huo naukunja mara mbili napanda mpaka 5 unatoka laini unavutika. Na kama mkono wako unabana sana kama wangu nilivyoanza, panda namba moja, usijilaumu.

Sasa uzi.

Tangazo lilisema pamba asilimia 100, mabonge ya gramu 50, rangi 12 tofauti. Twende moja moja. Rangi: zilikuja 12 kweli kwa hesabu, ila tatu zilikuwa kahawia, moja ya ugoro, moja ya ugoro uliolowa, na moja sijui niiteje. Pichani kulikuwa na zambarau na kijani cha majani mabichi, sikuviona. Uzito: jirani yangu anaoka keki ana mzani wa dijitali, nikaenda kupima, bonge la kwanza gramu 42, la pili 43, la tatu 41, nikaacha kupima maana jirani alikuwa anataka mzani wake na mi roho ilishaanza kuuma. Kwa bonge moja gramu saba nane utasema si kitu, zidisha mara 12 uone, ni karibu bonge mbili zimebaki Dar.

Na hiyo pamba. Mi nilishafundishwa jinsi ya kuujua uzi, unakata kipande cha urefu wa kidole, unakishika na kibanio au mkasi juu ya sinki, unawasha kibiriti. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, majivu yake laini ukiyagusa yanapukutika. Sufu ya kondoo inanuka nywele zilizoungua. Akriliki, ule uzi wa plastiki, yenyewe inakimbia moto, inajikunja, inayeyuka, inaacha kipunje cheusi kigumu kama kokoto na harufu ya ndoo ya plastiki. Nimewasha huo wa bluu, ukaungua nusu kama karatasi halafu mwishoni ukafanya kipunje. Nikawasha wa njano, kipunje. Mweupe, kipunje. Yaani ni mchanganyiko, ule ule wanaouita milki koton ambao mara nyingi ni pamba na akriliki, maziwa utayasikia kwenye jina tu. Sio uzi mbaya, tena ni laini na kwa viholda unafaa kabisa, lakini uitwe jina lake. Mtu akifuma kishikio cha sufuria akiamini ni pamba tupu, siku akishika sufuria ya moto kitamyeyukia kwenye vidole. Hata pasi usiuguse nayo, unalala bapa haunyanyuki tena.

Nikamwandikia muuzaji na picha za vipunje. Akajibu "dia mzigo uko kama picha ☺️". Basi.

Ningenyamaza lakini kilichoniuma ni mwekundu. Wifi yangu wa Tukuyu alijifungua, nikamfumia mtoto mzula na soksi, vyeupe vyenye mstari mwekundu chini, nikaweka na kifundo juu, vilipendeza hadi mama akavishika akavigeuza ndani nje asiseme kitu, na kwa mama kutosema kitu ni pongezi. Nikapeleka mwenyewe. Wifi akashukuru "ndaga fijo", tukapiga picha. Wiki ya pili akafua kwa maji ya moto, mwekundu ukachuja wote, mzula ukawa pinki ya mabaka kama mtu kamwagia juisi. Hakunitumia hata picha, nilikuja kuona siku naenda tena kumsalimia, mtoto kavaa hivyo hivyo, na wifi anaongea habari za mvua. Nikajaribu kuloweka kwa chumvi na siki kama watu wanavyoshauri, haikusaidia chochote. Nikafuma vingine upya kwa uzi wa Mwanjelwa.

Tangu siku hiyo uzi wowote wa rangi kali, nyekundu, nyeusi, bluu nzito, nakata kipande naloweka kwenye kikombe cha maji ya moto, nakifunga ndani ya kitambaa cheupe nakiminya. Kitambaa kikipata rangi, uzi huo haukutani na mweupe kwangu, unafumwa peke yake.

Macho ya midoli yako sawa, yanaingia na kufunga nyuma kwa nguvu, nilivuta na koleo hayakutoka. Ila hata hivyo mdoli wa mtoto wa chini ya miaka mitatu simwekei, namtarizia macho kwa uzi mweusi. Watoto wanatafuna. Pamba ya kujazia ni kidogo mno, stroberi nne imeisha, nilienda kununua kwa mafundi wa mito.

Kosa langu moja nalo nilitaje ili nisionekane nalaumu wenzangu tu. Stroberi ya kwanza ilinitoka ndefu kama bilinganya, matundu wazi, pamba nje nje. Nikadhani ni sindano. Kumbe nilikuwa nafuata video ya mama mmoja wa Uingereza, akisema dabo krosheti yeye anamaanisha ule mshono mfupi ambao Wamarekani wanauita singo, mi nikafuma ule mrefu wa Kimarekani. Jina moja, mshono tofauti. Kwaio kabla hujaanza angalia kwanza anayekufundisha anatumia lugha ya nani, au tazama mikono yake uache kusikiliza mdomo.

Uzi sa hivi nanunua Mwanjelwa, bonge 2,500, naushika, nauvuta, na karatasi ya bonge naisoma ile namba ya lot, yaani mabonge yaliyotiwa rangi pamoja. Usipuuze. Niliwahi kufuma pochi ya bluu kwa mabonge mawili niliyonunua siku tofauti, ndani ya chumba yanafanana, nimetoka nje juani nusu ya juu imepauka. Ukiona rangi umeipenda chukua ya kazi yote siku hiyo hiyo. Kwa makadirio yangu stroberi moja inakula gramu kama 15, bendi ya nywele 20, mzula wa mtu mzima usipungue 80.

Kwa hiyo nikiambiwa nitoe nyota, sindano tano, macho nne, uzi mbili, muuzaji atajijua. Ukiweza kupata sindano zenyewe bila mabonge ndo vizuri zaidi, mi mwenyewe ningelipa hata elfu 20 kwa hizo tisa.

Tisa kwa maneno, maana kwangu ziko nane. Ile 2.5 mama aliomba "kuiangalia tu" siku ya Pasaka, na tangu hapo kochi limepata vitambaa vipya vitatu. Nikimuuliza anasema spoku yake haioni.