Matembezi ya Saratani Nakuru: Ada, Mpangilio na Fedha Zinakokwenda

Kila Oktoba, mwezi uliotengwa duniani kwa ajili ya saratani ya matiti, Nakuru hujaa mabango ya matembezi ya hisani, na mwenye kutaka kutoa shilingi zake ana haki ya kujua ni yapi yanayostahili. Nimeshiriki yale yanayoandaliwa na kikundi cha manusura wa saratani wakishirikiana na makanisa na msikiti wa mtaani, kutoka Nyayo Gardens hadi uwanja wa shule moja upande wa Section 58. Nayapendekeza bila kusita, hasa kwa kuwa sijawahi kuona harambee nyingine ambayo hesabu yake husomwa hadharani kabla watu hawajatawanyika.

Ada ni shilingi 1,000 kwa mtu mzima, pamoja na fulana, maji na bahasha moja ya kaki. Malipo yote hupitia nambari ya Paybill. Hakuna kikapu kinachozungushwa, na mtoaji hupata ujumbe wa M-Pesa papo hapo. Jioni mweka hazina alisimama na taarifa ya akaunti iliyochapishwa, akasoma kilichoingia, kilichotumika kwa fulana na vipaza sauti, na kilichobaki. Ahadi za waheshimiwa alizitaja kando na hakuzijumlisha, jambo ambalo halikuwapendeza baadhi ya walioketi mbele. Yeyote aliyewahi kuchangia matibabu ya jirani na hadi leo hajui zilipatikana shilingi ngapi ataelewa kwa nini uwanja mzima ulimsikiliza kwa makini.

Kikundi hiki hakidai kwamba kitamtibu mtu. SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia matibabu ya saratani hadi kiwango fulani kwa mwaka, lakini haimlipii mgonjwa nauli wala malazi. Hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo wengi wetu bado tunaiita PGH, ina kituo cha saratani kinachotoa tiba ya mionzi, na wagonjwa huifikia kutoka Baringo, Narok na Samburu. Tiba hiyo kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki kwa majuma kadhaa mfululizo, na mtu wa Marigat asiye na ndugu mjini hawezi kupanda matatu asubuhi na jioni kwa muda wote huo huku mwili umedhoofika. Ndiyo maana kikundi hulipa nyumba ya wageni moja kwa moja, bila fedha kupitia mikononi mwa mtu, na wagonjwa wawili wawili hukaa chumba kimoja ili mmoja akizidiwa usiku asiwe peke yake.

Sehemu nyingine ya fedha huwaendea waliokwisha kumaliza matibabu, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo mpana huenda akahitaji mifuko ya kukusanyia kinyesi kwa maisha yake yote. Mama aliyeondolewa titi na tezi za kwapani huweza kuvimba mkono miaka kadhaa baadaye, asiweze kubeba hata ndoo ya maji. Mambo haya hayaitiwi harambee kwa sababu jamii humhesabu mtu kuwa amepona, kisha ikamwachia gharama zake.

Kuhusu kumbukumbu ya marehemu, utaratibu wake unafuata ule wa Relay For Life, matembezi ya hisani ya saratani ya Marekani, yaliyoanza mwaka 1985 mjini Tacoma, pale daktari wa upasuaji Gordon Klatt alipozunguka uwanja kwa saa 24 na kukusanya dola 27,000. Jina la mpendwa huandikwa juu ya bahasha, ndani hutiwa mchanga na kusimamishwa mshumaa, kisha bahasha hupangwa kando ya njia. Mezani, kijana mmoja alikuwa akiwaandikia wasioona vizuri. “Tuandike jina gani, cucu?” alimwuliza bibi mmoja. “Andika Baba Wairimu, mwanangu. Sikuwahi kumwita vingine.” Kijana akaandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa, akampulizia wino ukauke. Nami niliandika jina la dada yangu, na nilifurahi kwamba hakuna aliyetuharakisha.

Kasoro zipo, na waandaaji wanapaswa kuzirekebisha. Hotuba zilirefuka mno, na manusura, ambao baadhi yao walikuwa wangali kwenye dawa, waliketishwa juani huku hema likiwa la wageni waalikwa; mpangilio huo ugeuzwe. Vyoo vilikuwa vichache mno, jambo zito kwa watu ambao upasuaji umewabadilishia haja zao. Chai na mandazi vilitosha.

Anayetaka kushiriki ajiandikishe mapema, kwani fulana kubwa huisha kwanza, na abebe sweta kwa ajili ya baridi ya jioni. Kwa waandaaji nina ombi moja: baada ya miezi mitatu, wabandike kwenye mbao za matangazo za makanisa na msikiti taarifa ya jinsi kile kilichobaki kilivyotumika, bila kutaja majina ya wagonjwa.