Taarifa ya mkutano wa hadhara kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi), Nairobi: huduma ni bure, ila nenda na nakala mbili

Anayepanga kampeni ya wadi jijini hukimbilia mahema na spika. Pa kuanzia ni kaunta ya kituo cha polisi cha eneo la mkutano. Taarifa haina ada, na jinsi sheria ilivyoiandika, ni huduma nzuri mno. Kinachoiangusha ni kaunta.

Unachopeleka ni taarifa, si ombi la kibali. Kabla ya marekebisho ya 1997, mwenye kutaka kuhutubia umma alihitaji leseni ya mkuu wa wilaya chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, iliyotungwa na wakoloni 1950, miaka miwili kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa. Mkutano wa upinzani wa Saba Saba (Julai 7) pale Kamukunji, 1990, ulinyimwa leseni hiyo. Wiki chache kabla ya uchaguzi wa Desemba 29, 1997, makubaliano ya IPPG, kundi la wabunge wa vyama mbalimbali, yalilegeza kamba: leseni ikaondolewa, taarifa ikaingia. Uchaguzi ukapita, kamba haikukazwa tena katika kitabu cha sheria, na Katiba ya 2010 ikaja na Kifungu cha 37, cha haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani. Kwa hiyo barua inayoanza "Naomba ruhusa" inampa OCS mamlaka ya kuruhusu ambayo sheria ilishaondoa. Andika "Natoa taarifa".

Sheria inataka fomu maalumu. Taja majina kamili ya mwandalizi na mahali anapoishi au anapofanyia kazi, tarehe, saa, na kiwanja. Kama ni maandamano, taja njia nzima, barabara kwa barabara. Mkutano uwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Hapo pana mtego: "saa 3" ya Kiswahili ikisomwa na mtu mwenye saa ya Kizungu kichwani, mkutano wako unakuwa wa usiku wa manane. Andika 0900 hadi 1500, mjadala uishe.

Taarifa ifike angalau siku 3 kabla, na isizidi siku 14. Jumapili na sikukuu usizitie kwenye hesabu. Kwa mkutano wa Jumamosi, peleka Jumatatu. Ya Jumatano alasiri ndiyo huzua ugomvi wa kuhesabu vidole.

Sasa muhuri, maana kesi nyingi hufia hapo. Nakala moja inabaki kituoni. Ya pili igongwe muhuri, iandikwe jina, namba ya kazi na sahihi ya aliyepokea. Itazame kabla hujaondoka. Pedi ikiwa imekauka, duara la jina la kituo huonekana vizuri huku tarehe ya katikati ikiwa ukungu mtupu, na tarehe ndiyo ushahidi wako. Iandikwe kwa kalamu pembeni. Ukiambiwa "OCS hayupo, rudi kesho", usiondoke na barua mkononi: kesho hiyo inakula siku zako 3.

Ukiambiwa kiwanja kimeshachukuliwa, omba kuona rejista ya taarifa. Sheria inamtaka OCS aiweke, na iwe wazi kwa umma saa za kazi. Taarifa nyingine ya mahali na saa ileile ikiwemo, unataja siku nyingine. Isipokuwemo, "hatujaruhusu" si jibu la kisheria. Polisi wa cheo cha inspekta au zaidi wanaweza kuzuia mkutano kukiwa na hatari ya wazi na ya karibu ya kuvuruga amani, lakini hiyo ni hatari ya kuonyeshwa, si ya kudhaniwa.

Msimu wa kampeni, ratiba ya mgombea hupita pia kwa msimamizi wa uchaguzi wa IEBC (tume ya uchaguzi), ili wapinzani wasikutane kiwanja kimoja. Karatasi hizo mbili zisigongane tarehe. Harusi na ibada hazihitaji lolote kati ya haya.

Sheria tunaipa 5 kati ya 5, kaunta 2. Chapisha kifungu cha 5 cha Sura ya 56 na ukibane nyuma ya nakala yako.