TAHADHARI: Mpiga picha wa bidhaa anayezunguka Kariakoo, msimpe hela zenu

Wapendwa, mimi muuza kanga naandika mikono inatetemeka. Kuna kijana anapita maduka ya huku kwetu Mtaa wa Uhuru, anajiita mpiga picha wa bidhaa. Amenila 200,000, lakini kinachoniuma zaidi ni yule mteja wangu wa Tanga.

Alikuja Alhamisi saa nne asubuhi, duka limetulia. "Shikamoo mama," akavua viatu mlangoni kama anaingia nyumbani. Kamera shingoni, taa ya kusimamisha na mwavuli wake mweupe. Jamani, nani angemfukuza? Akawa anashika doti moja moja, "Hii jina lake nini mama?" Namsomea yale maandishi ya kanga, anaandika. Akaniambia ile nyekundu yenye mchoro wa korosho mji wake, ile sehemu ya katikati, umetulia, na pindo lake la pembeni likitoka vizuri watu watagombania. Kijana wa siku hizi anajua mji na pindo! Nimeuza kanga miaka 19, nikasema huyu mtoto amelelewa. Na wakati huo nilikuwa sina pa kushika ila wateja wa mtandaoni.

Akapiga robo saa, doti 12, zote zikiwa zimekunjwa. Hakufunua hata moja! "Nyingine nitamalizia kwenye kompyuta mama." Nikamtumia hela yote kwa simu, palepale, anakunywa soda niliyomnunulia mimi.

Picha zikaja Jumamosi usiku. Wallahi nililia. Msichana mzuri amejifunga kanga yangu, bahari nyuma, jua linazama. Nikazirusha zote bila hata kuzikuza.

Jumanne dada wa Tanga akaagiza doti 30 za ile nyekundu, sare ya harusi ya mdogo wake. Akalipa 450,000, nikapakia kwenye basi. Kesho yake simu: "Mama, hizi sizo nilizoagiza. Kwenye picha kuna maua, huku korosho. Na hilo jina mbona halisomeki?"

Nikakuza. Kanga yangu inasema WEMA HAUOZI. Kwenye picha ni WEMA HAUZOOI, halafu vijiherufi visivyo vya lugha yoyote. Kanga ile haijachapwa na kiwanda chochote, na yule msichana hajazaliwa. Kijana alichukua vipicha vyake vya haraka, akaiachia akili mnemba itengeneze mengine. Na aliyeitwa tapeli ni mimi, kwenye kundi la kamati nzima ya harusi! Nimerudisha hela yote, na gharama ya mzigo kwenda na kurudi nimebeba mimi.

Nilipompigia yule kijana akasema, "Mama, siku hizi picha ndivyo zinavyofanywa." Kisha akanifungia namba.

Mteja wa mbali hagusi kitambaa. Anachokiona ni picha tu, na kanga inanunuliwa kwa jina lake! Mtu anampelekea mkwe, anamfungia shoga yake aliyejifungua. Jina likiharibika nimemuuzia nini? Sasa napiga mwenyewe kwa simu, mlangoni, mwanga wa asubuhi, vidole vyangu vimeshika pindo, na jana mtu wa Morogoro kachukua doti nne kwa picha hizohizo.

Huyu akamatwe. Sitaki kusikia habari za kumwonya. Arudishe hela ya kila duka, na ile kamera yake ipigwe mnada. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, ilitungwa kwa ajili ya nani kama si watu hawa? Mwanamke anakaa dukani tangu asubuhi, mtu anamchafulia jina kwa robo saa!

Mniulize dalili: kuzeni maandishi kwanza, kisha vidole vya mtu. Mwambieni awaonyeshe alichopiga kwenye kioo cha kamera kabla hajaondoka. Daini faili kama lilivyotoka kwenye kamera, na kama ni WhatsApp alitume kama dokumenti, maana likija kama picha ya kawaida tarehe na taarifa za kamera zinapotea. Hela mpeni nusu. Mimi sikufanya hata moja.

Jina lake silitaji hapa, polisi wamesema nisubiri. RB, ile namba ya taarifa niliyofungua polisi, ninayo. Mliolizwa naye, njooni dukani Jumatatu saa tatu na meseji zenu za malipo, twende kituo cha polisi Msimbazi pamoja.