Chupa ya kuongeza okteni: fungua plagi kwanza

Kwenye maduka ya spea Mtwara, vichupa vya kuongeza okteni (uvumilivu wa petroli isijiwakie yenyewe) hupangwa jirani na oili, na muuzaji hana maneno mengi: mimina kwenye tenki, pikipiki ipate mbio. Kwa Boxer au TVS ya bodaboda, jibu letu ni fupi: hela ibaki mfukoni.

Tuanzie kwenye lebo. "Inapandisha pointi 3." Mteja anaona petroli yake ya okteni 95 imekuwa 98. Kwenye bidhaa hizi pointi moja mara nyingi ni sehemu ya kumi tu ya okteni, kwa hiyo 95 inafika 95.3. Injini haitajua hata kama umeweka.

Halafu lipo dai la "kuunguza haraka", na hili ndilo bovu zaidi. Okteni haipimi nguvu wala kasi ya moto. Inapima uvumilivu wa petroli isijiwakie yenyewe inapobanwa na kupata joto. Plagi hupiga cheche pistoni ikiwa bado inapanda, nyuzi 25 hadi 30 hivi za mzunguko wa krenki kabla ya kufika juu injini ikiwa mwendoni, kwa kuwa moto unahitaji muda wa kusambaa. Kinachouharakisha ni msukosuko wa hewa ndani ya silinda na uwiano wa mchanganyiko: hewa gramu 12.5 hadi 13 kwa petroli gramu 1, hapo ndipo unapokimbia. Jeti ya kabureta (tundu dogo la kupitisha petroli) ikiziba nusu, petroli inapungua, moto unajikokota, injini inachemka, na mchanganyiko uliobaki pembeni unalipuka kabla moto haujaufikia. Ndiyo kelele kama ya kokoto unayoisikia ukipandisha Newala na magunia mawili ya korosho huku umeng'ang'ania gia ya 4. (Rudisha ya 3, nusu ya kelele itaisha bure.)

Kwa hiyo fungua plagi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, safisha jeti, kisha nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio ya manifoldi (bomba la kuingiza mchanganyiko kwenye injini) injini ikinguruma taratibu. Mlio ukibadilika, hapo panavuta hewa. Ikiwa nyeusi na kavu, huenda masizi yamejaa pia juu ya pistoni, na masizi hayo huongeza mgandamizo na kushika joto. Ukiikuta nyekundu kama tofali, hayo ni mabaki ya dawa yenyewe ya kwenye chupa, manganizi au chuma. Yakizidi, cheche inapotea njiani na injini inaanza kumisi.

Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE ina mgandamizo mkubwa, 10.5 kwa 1, lakini kule Japani gari hilo linatumia petroli ya kawaida, okteni karibu 90. Nayo haihitaji chupa. Subaru Forester ya turbo ndiyo yenye hoja: imetengenezewa petroli ya daraja la juu, ambayo kule huuzwa 98 hadi 100. Ikikosa, kihisi chake cha kelele za kokoto huifanya injini icheleweshe cheche na nguvu hupungua. Mwenye nayo atafute chupa inayotaja okteni kamili, si pointi.

Petroli ya kwenye chupa za maji barabarani ni jambo jingine. Ikichanganywa na mafuta ya taa, okteni huporomoka kwa kiasi ambacho dawa hii haiwezi kukirudisha. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila alama, mafuta ya taa huacha doa. Ukiliona doa, kausha tenki, osha bakuli la kabureta, ujaze upya sheli.