Lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10 katika shamba la korosho

Msimu huu nimeitumia lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 shambani kwangu wilayani Newala, na imenisaidia zaidi katika jambo moja ambalo hutugharimu fedha nyingi: kujua weupe ulioko juu ya mkorosho ni wa nini kabla ya kununua dawa.

Kuanzia mwezi Juni, mikorosho inapotoa majani machanga na maua, jicho tupu huona unga tu, na wengi wetu hukimbilia kupuliza salfa. Ukitazama kwa lenzi, ubwiri unga, ambao ni ugonjwa wa ukungu, huonekana kama utando wa nyuzi laini zilizolala juu ya jani na kwenye vishada vya maua, ilhali vidung'ata hujitambulisha mara moja kuwa ni wadudu wenye miguu na mwili uliofunikwa na nta nyeupe, na mara nyingi sisimizi huwa karibu nao wakifuata majimaji matamu wanayoyatoa. Salfa huzuia ukungu. Kwa vidung'ata si dawa.

Mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi ya mkorosho, huonekana hata bila kifaa, lakini lenzi huonyesha kijimwiba kilichosimama mgongoni mwa mdudu mzima, chenye ncha ya duara kama kichwa cha pini, na hiyo ni alama ya kuaminika. Maji moto, yaani sisimizi wanaojenga viota vya majani mtini, humwinda mbu huyo, kwa hiyo nawasihi wenzangu wasiwachome moto viota vyao.

Lenzi hushikwa karibu kabisa na jicho, kisha jani ndilo huletwa mpaka lionekane vizuri, takriban sentimita 2.5 kutoka kwenye kioo, huku mwanga ukilipiga jani. Jihadharini na zilizoandikwa mara 30: niliyoinunua kwanza haikukuza kuliko hii, na kingo za picha zilififia.

Kwa mnyauko fusari, ugonjwa wa ukungu unaokausha mti, kifaa hiki hakifai. Vimelea vyake huingia kupitia mizizi na kuziba njia za maji ndani ya mti, hivyo jani lililonyauka halionyeshi chochote hata likikuzwa. Mti ukianza kukauka upande mmoja, mwite afisa ugani, na sampuli ipelekwe kwa watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kituo cha Naliendele, Mtwara.