Matango: wavu au kamba?

Mtango ukiachwa utambae, matunda hulalia udongo: upande wa chini hubaki na baka la manjano, na mvua ikirusha tope, magonjwa hupanda majanini. Basi usimamishe. Swali ni usimame kwenye wavu au kwenye kamba.

Wavu unauachia mmea tabia yake. Ncha ya kikono, kile kijishina chembamba ambacho mmea hushikia, ikigusa uzi hujizungusha, kisha sehemu ya katikati hujikunja kama springi na kuuvuta mmea karibu. Inapendeza kutazama! Kazi yako ni kuelekeza matawi kushoto na kulia mpaka wavu ujae. Chagua matundu ya sentimita 15 hivi, mkono upite. Matundu madogo ni mateso: tango huingia likiwa kama kidole, likanenepea humo, na hulitoi bila kulikata. Msimu ukiisha, kubandua mashina makavu kwenye nyuzi kunachosha kweli.

Kamba inadai nidhamu. Shina moja, kamba moja, na machipukizi ya pembeni yanaondolewa yangali machanga. Ukichelewa wiki mbili, umepata kichaka. Lakini hewa hupita, majani hukauka mapema, na ubwiri vinyoya, ugonjwa unaopenda majani yaliyolowa, hukosa nafasi.

Kwa bustani isiyotembelewa kila siku, mimi nachagua wavu. Ndani ya kitalu nyumba, kamba: shina likifika juu, unailegeza, unalishusha na kulilaza chini, nalo linaendelea kuzaa.